Duka la Chini ya Mteremko

14 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, cherehani inazunguka, na masikio hayajaongeza uvivu. Jumapili nilipiga simu kwa jirani yako fundi viatu. Ananiambia alikushikisha simu, ukasema "haloo" mara tisa, kisha ukamrudishia ukidai hakuna mtu. Nilikuwepo, Shangazi, nikipiga kelele mpaka mwenye nyumba wangu akatoka kuuliza nani amefiwa. Basi turudi kwenye karatasi, ambako wewe na mimi tunasikilizana.

Nimepata kazi. Si ya kiti, ni ya miguu. Kampuni moja ya takwimu imenipa simu ya kazi, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na orodha ya maduka mia na kumi, ambayo lazima niyapitie yote kila wiki. Naingia, nasalimu, naomba ruhusa, kisha nahesabu: pakiti ngapi za unga ziko mbele, sabuni ipi imewekwa usawa wa macho na ipi imetupwa chini, mafuta ya nusu lita leo ni bei gani, betri zipo au zimekwisha. Napiga picha ya rafu, nabonyeza "tuma", nakwenda duka linalofuata. Ikifika saa kumi jioni miguu naiona kama ya kuazima.

Kazi haina ugumu, ugumu ni watu. Wakiona kitambulisho wanadhani nimetoka kwenye kodi. Mmoja alifunga mlango mimi nikiwa ndani. Mama mmoja muuza nafaka aliniambia, "Hesabu, lakini kwangu anayehesabu ananunua," na nikarudi nyumbani na kilo tatu za maharage ambazo sikuzitaka. Halafu simu yenyewe inanichunga. Msimamizi wetu, mwanamke mpole anayesema polepole kama anasoma risiti, anakaa ofisini akiitazama nukta yangu inavyotembea kwenye ramani. Nikiinama kufunga kamba za viatu, nukta nayo inasimama. Wenzangu wameshajifunza: wanasimama nje ya duka ili nukta iwe mahali pake, kisha wanapika majibu bila kuingia. Mimi bado naingia. Wewe ulinilea vibaya.

La kukuchekesha: duka la mwisho la kila Ijumaa ni la mzee mmoja wanayemwita Mzee Betri, kwa kuwa betri ndiyo bidhaa pekee isiyomwishia. Bei anaziandika kwa mkono kwenye vipande vya boksi. Tarakimu zake za saba zina kofia na mshipi, na mkia umepinda kushoto, vilevile kama zako. Nilizikodolea macho mpaka akaniuliza kama nimeona panya. Huna tawi la duka huku, Shangazi?

Msalimie fundi viatu. Mwambie asikushikishe simu tena.

Mwanao

9 Februari

Mwanangu Kiguu na Njia,

Marahaba. Barua yako imefika, nami samahani kwa kukawia. Mimi mzima wa kukaa, si mzima wa kukimbia. Nimepewa sare za shule arobaini na mbili, sketi zote za marinda, na mtu aliyebuni marinda hakuwahi kushona hata moja. Bati la jikoni limeanza kuvuja tena, pale pale. Fundi viatu kapata mjukuu wa nne na anatembea mtaani kama amemzaa yeye.

Nimefurahi umepata kazi. Nunua viatu vyenye soli nene, na maji uyabebe mwenyewe, usinywe ya kila duka. Hao wanaopika majibu waache wapike, siku moja wataunguza. Na mtu akikufungia mlango ukiwa ndani, usicheke ukaniandikia. Toka, na usirudi huko.

Kuhusu hizo saba, watu wa umri wetu wengi tunaandika hivyo. Tulifundishwa kwa fimbo.

Kama ofisini wanabadilishana maeneo, omba ubadilishiwe hilo la Ijumaa. Kushuka na kupanda mteremko ule kila wiki kutakumaliza magoti kabla ya miaka thelathini. Maeneo ni mengi.

Nakutumia soksi pea mbili. Moja ina kasoro, uivae ndani ya nyumba.

Shangazi yako

20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Soksi zimefika, asante. Hiyo yenye kasoro nimeitafuta kasoro sijaiona. Mimi sijambo, ila usingizi wangu umekuwa wa kuku siku hizi, na mchana nikikaa dakika kumi miguu inataka kwenda.

Nimeisoma barua yako mara tano, Shangazi. Kisha nikatafuta karatasi niliyoandikia rasimu ya ile yangu, nikaisoma nayo. Sikukuandikia kwamba kuna mteremko.

Upo kweli. Ni mrefu, una mfereji upande mmoja, na duka la Mzee Betri liko chini kabisa, pale lami inapoishia. Lakini wewe hujawahi kufika mji huu. Ulijuaje?

Nitakwambia lililotokea Ijumaa iliyopita. Mara moja kwa msimu tunajaza fomu ndefu, inayomhusu mwenye duka mwenyewe: ameanza lini, anafungua saa ngapi, anategemewa na watu wangapi. Mzee Betri alikuwa akifunga sukari kwenye vifuko, hanitazami. Si mtu wa maneno. Nikamuuliza, "Una watoto wangapi?"

"Mmoja. Wa kike."

"Umri?"

Kwenye fomu kuna visanduku vya kuchagua, chini ya kumi na nane au zaidi, basi. Yeye hakuchagua. Akasema, "Ishirini na saba. Tarehe sita mwezi wa tano atatimiza ishirini na nane."

Nikaitazama simu. Ndiyo siku niliyozaliwa mimi. Nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Yuko wapi?"

"Hilo nalo limo kwenye fomu?"

"Halimo."

"Basi," akasema, akaendelea kufunga sukari.

Nikabonyeza "moja". Nikabonyeza "tuma". Nikaupanda mteremko bila kupiga picha ya rafu, na msimamizi akanipigia kuuliza mbona nukta yangu inakimbia.

Uliniambia baba alikwenda kutafuta kazi baada ya kumzika mama, na habari zake zikakatika. Nilikuwa na miaka sita. Namkumbuka mgongo tu, na harufu ya petroli kwenye shati. Hakuna picha yake hata moja humo ndani, nami sikuuliza kwa sababu ukiulizwa ulikuwa unashona kwa kasi. Sasa nauliza. Hizo habari zilikatikia wapi?

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini huumwi. Sisi huku tuko salama. Sare zimekwisha na nyingine zimeletwa. Mkanda wa cherehani ulikatika nikakaa siku nne bila kazi, mpaka fundi viatu akanikatia kipande cha ngozi, nacho kinafanya kazi vizuri kuliko ule wa dukani. Mjukuu wake ameota jino. Bati nimelizibia kwa lami. Mwalimu wako wa darasa la nne amestaafu, alipita hapa akakuulizia. Nikamwambia unahesabu sabuni mjini, akasema hesabu ulikuwa unaiweza sana.

Swali lako nimeliona. Nimeanza kulijibu mara tatu na karatasi zote tatu nimewashia jiko. Nikikujibu nusu nitakuwa nimekudanganya, na kukujibu zima sijaweza. Nipe muda.

Usimwambie kitu mtu huyo.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Salamu kwa wote.

Umechukua wiki sita kuniandikia habari za mkanda wa cherehani. Nimefurahi umepona, mkanda huo.

Nikwambie mimi nilikofika. Duka la Mzee Betri lina hali mbaya. Rafu mbili kati ya tano ni tupu. Na hizi namba tunazokusanya zina kazi yake: duka likipata alama za chini misimu miwili, gari la msambazaji halishuki tena kwake. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza na halikuninyima raha, kwa sababu maduka yalikuwa mia na kumi na yote yalikuwa ya watu.

Mwezi wa tatu nikaanza kumpangia. Yeye akiwa stoo, navuta unga wa nyuma mbele, naipanua sabuni, rafu inaonekana imejaa, ndipo napiga picha. Penye nne naandika tisa. Mimi niliyewacheka wapishi, Shangazi, nimekuwa mpishi mkuu.

Jumanne msimamizi akaniita. Ameweka picha tatu mezani. Kwenye moja, pembeni kabisa, kuna mkono umeshika mche wa sabuni, na kitambulisho changu kinaning'inia. Hakupandisha sauti. Akasema, "Maduka mia na tisa unayaandika kama yalivyo. Hili moja unalipenda. Ni nani wako?"

Nilikuwa na majibu. Ningeweza kusema mzee ananitia huruma, nikaonywa, tukaendelea. Nikasema, "Ni baba yangu."

Ndiyo mara ya kwanza nalisema mbele ya mtu yeyote, na nilimwambia mwanamke ambaye hata kwao sikujui. Akanisogezea glasi yake ya maji. Kisha akaniambia sheria ni sheria: mtu hahesabu duka la ndugu yake. Hanifukuzi, lakini namba zangu za mwezi huo zinafutwa, mtu mwingine atakwenda kuhesabu upya, nami tarehe ishirini na tano narudisha simu na kupelekwa eneo jingine.

Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe ishirini na sita nitaushuka ule mteremko kwa miguu yangu, bila kitambulisho, bila nukta. Nitamwambia mimi ni nani. Nataka niende nikijua alitenda nini, au alitendwa nini. Usiponijibu wewe, nitamuuliza yeye, na nitaamini atakachosema.

Mwanao

17 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi. Leo sina habari za nyumbani, zote nilizimaliza barua iliyopita nikikimbia.

Mficha uchi hazai, nami nimeficha miaka ishirini na mbili. Sikiliza.

Mwaka ule hoteli mpya ilikuwa inafunguliwa Jumamosi, na sare za wahudumu nilipewa mimi, kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Mama yako alikuwa ananisaidia kutia vifungo, kila siku baba yako akimleta kwa pikipiki. Alhamisi mvua ikapasuka. Baba yako akatuma mtu aniambie watasubiri ikatike. Nikamrudisha yule yule mtu. Nikasema, waambie wasikawie, vifungo havijitii vyenyewe. Baba yako ni mdogo wangu, ananitii tangu utoto. Akampakia, wakaja. Hawakuvuka daraja. Baba yako aliinuka na mchubuko wa kiwiko, mama yako hakuinuka.

Makaburini nilimwambia mbele ya watu wote, "Umeshaua mmoja, huyu hutamgusa." Nilikuwa nimekubeba wewe mgongoni, ingawa ulishakuwa mkubwa mno kubebwa. Hakusema ni mimi niliyewaita. Siku ya tatu akaondoka. Na mimi, mwanangu, nilishukuru alipoondoka, kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyejua.

Sare zilivaliwa Jumamosi. Nilizimalizia mwenyewe.

Aliandika miaka minne, kila baada ya miezi miwili. Ndimo nilimousoma mteremko, na mfereji, na kwamba wateja wa pale wanashuka mbio wanapanda kwa kuhema. Kila barua iliuliza habari zako. Nilizisoma zote na zote nikazichoma, sina hata moja ya kukupa. Nilimjibu mara moja tu, mstari mmoja: mtoto ananiita mama sasa, usimchanganye. Wewe hujawahi kuniita mama hata siku moja. Baada ya hapo hakuandika tena.

Hilo ndilo alilotenda, na hilo ndilo alilotendwa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine imekunjwa. Nimemwandikia yeye. Sikuifunga kwa gundi, isome ukitaka. Ukiona haifai kupelekwa, usiipeleke. Na ukiona mimi sifai kuandikiwa, nitakuelewa.

Shangazi yako

28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mvua huko zimepungua na bati limestahimili.

Barua yako ilifika Ijumaa. Nilitembea mji mzima nayo mfukoni, mitaa ambayo sina kazi nayo. Nilikukasirikia mpaka meno yakauma. Bado nimekukasirikia, nakwambia usije ukadhani imekwisha. Karatasi yake sikuisoma.

Jumamosi nilishuka saa nne asubuhi. Alikuwa anamimina sukari kwenye mizani. Akanitazama shingoni.

"Leo huna kitambulisho."

"Nimehamishwa."

"Alikuja mwingine Alhamisi. Kijana wa mbio mbio. Kahesabu haraka." Akaongeza sukari kwenye mizani. "Amenikuta na vitu vichache kuliko ulivyokuwa ukinikuta wewe."

Nikamwambia gari huenda lisishuke tena. Akasema, "Lisishuke. Kabla ya gari nilikuwa nauza." Kisha akauliza, "Umekuja kununua?"

"Nimeleta barua."

Nikaiweka juu ya meza. Juu uliandika "Mdogo wangu", hakuna kingine. Aliyaona maandishi, na sukari ikaendelea kumiminika, ikajaza kifuko, ikamwagika mezani, na mteja aliyekuwa akiisubiri akasema, "Mzee, inatosha." Akamfungia ile ile, akampa. Akapangusa mikono kwenye suruali. Akasoma amesimama, na mimi nimesimama. Si ndefu, barua yako, lakini alikaa nayo muda ambao ningehesabu maduka mawili.

Alipoinua macho nikasema, "Mimi ni..."

"Najua wewe ni nani," akasema. "Wiki ya kwanza, ulivyoinama kusoma bei ya chini. Mama yako alikuwa akiinama hivyo, mkono mmoja mgongoni. Nikasema dunia ina watu wengi. Nikasubiri wiki ya pili."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani ukijua hutarudi. Nikaona bora uhesabu."

Nikamuuliza kama alijua kwamba ni wewe uliyewahimiza. Alikunja karatasi mara nne.

"Niliujua ujumbe wake, mimi ndiye niliyeupokea," akasema. "Nilichokuwa sijui ni kama na yeye anakumbuka."

Kisha akauliza unavyoishi. Nikamweleza masikio, sare, marinda, fundi viatu. Nilipofika pale uliposhikishwa simu ukasema haloo mara tisa, alicheka, na kicheko chake, Shangazi, ni chako, kile cha puani. Ilinibidi nitoke nje nikasimame kando ya mfereji.

Tulikaa mpaka adhuhuri. Nilimpangia rafu kama zilivyo, tupu zikabaki tupu. Nilipomuuliza kama atakuja kukuona, akasema, "Mwambie nimesoma."

Eneo langu jipya ni maduka makubwa yenye vipoza hewa. Leo nimehesabu aina kumi na nne za mafuta ya nywele, na hakuna aliyenifungia mlango. Kila Ijumaa jioni nitashuka kule chini, na simu mpya ya kazi nitaiacha nyumbani.

Mwanao

3 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima na hasira inapungua kidogo kidogo. Isipungue kwa haraka, nitashtuka. Mimi mzima. Sare zimepelekwa.

Alikuja.

Jumamosi saa tisa alasiri nilikuwa nakata kitambaa mlangoni kwa sababu ya mwanga, nikaona kivuli juu ya kitambaa hakiondoki. Ameota mvi, mgongo umepinda. Ana begi dogo. Alisema jambo. Sikulisikia, na sikumwomba alirudie, maana uso wake ulikuwa umeshalisema. Nikasogeza kitambaa ili apate pa kupita.

Tulikunywa chai. Jioni akauliza, kwa kuniandikia pembeni ya karatasi ya vipimo, kama nilipata vifungo vya kutosha zile sare za hoteli. Nikamwandikia kwamba vilipungua saba. Tukakaa hapo, watu wazima wawili, na karatasi katikati. Nililia mimi kwanza. Yeye alikwenda kushika bati la jikoni, akalitazama muda mrefu kama mtu anayejua mabati.

Jumapili akapanda juu akaling'oa lile lote na kulipiga upya. Fundi viatu akaja kusaidia, akamuuliza yeye ni nani. Akajibu, "Mdogo wake." Mtaa mzima ukajua kabla ya chakula cha mchana. Alilala chumbani kwako siku mbili. Alinyoosha vitu vyako vya shule mezani, hakuuliza, na mimi sikumweleza. Alikuwa anavigusa pembeni tu.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kuchukua vitambaa shuleni. Niliporudi hayupo. Hakuaga, hakuacha hata mstari. Nilikasirika, mwanangu, nikasema hivyo ndivyo alivyo, anaondoka tu, na nikajikumbusha nani aliyemfundisha. Nikaingia chumbani kwako kutoa mashuka.

Shati lake la kijani liko msumarini nyuma ya mlango. Alikuja na mashati mawili, moja mwilini na moja begini. Mtu mwenye mashati mawili hasahau moja.

Nimelifua. Kifungo cha pili kilikuwa kinalegea, nimekikaza. Ukishuka Ijumaa mwambie shati lipo, limepigwa pasi.

Shangazi yako